Mama Alipoacha Beseni

Kila Ijumaa baada ya sala tulikula kwa mama mmoja muuza chakula, karibu na ziwa, hapa Rumonge. Nyama yake hatukuiulizia, maana mchinjaji tulisali naye safu moja. Kabla ya chakula mama alipita na birika na beseni, akatunawisha.

Mwaka ule ziwa lilipanda hadi kizingitini, kisha likaingia chini ya meza. Tulivua viatu, tukaweka miguu juu ya matofali. "Mukae tu, pilau iko," alisema mama. Watu wazima wakaisifu pilau! Nilichemka kwa hasira kwamba hakuna aliyetaja maji, lakini kwetu balaa haitajwi mbele ya chakula. Nikamega tonge.

Ijumaa iliyofuata alikuja na birika tu. Maji tuliyonawa yakadondokea ziwani, palepale miguuni petu. Tukasema Bismillahi, tukala.