Nguo Imekaa Wiki Nzima

Mtaani wanamwita Mama Kelele, na jina hilo amelitolea jasho. Anashona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Miaka mingi alishonea kwenye kibaraza cha nyumba ya Mwenyekiti, na upande wa pili wa kibaraza hichohicho nilikuwa mimi na meza yangu ya kupigia pasi. Mimi si msemaji. Mteja akiniuliza bei, nilikuwa namwonyesha kwa vidole. Mwenyekiti aliniita Bubu, nami sikumkatalia, maana kumkatalia kungehitaji maneno. Mama Kelele alisema kwa niaba yetu sote wawili.

Utamkuta ameinamia cherehani, kimya kabisa. Mama fulani anapita barabarani na mtoto, na ghafla mtaa mzima unasikia:

"Wewe! Ndiyo, wewe mwenye ndoo! Nguo ya mtoto wako imekaa hapa wiki nzima! Unadhani hapa ni kabati lako? Hela mnatoa, nguo hamchukui, wateja gani nyie?"

Yule mama anaduwaa. Hajawahi kuleta kitambaa, wala hajatoa hela yoyote. Kabla hajafungua mdomo, ameshasukumiwa mfuko kifuani. "Nenda, nenda! Na usinijibu!" Ndani ya mfuko mna sare mpya, ya kimo cha mtoto yuleyule aliyekuwa akienda shule na kaptula iliyotoboka matakoni.

Majirani wanacheka. Wameona mteja mchelewaji akisemwa, basi. Msaada hakuna aliyeuona.

Mimi nilijua kwa sababu siku moja mpita njia nilikuwa mimi. Mke wangu alikuwa mgonjwa, kazi sina, na binti yangu alikuwa amekaa nyumbani kwa kukosa gauni la shule. Nilipigiwa kelele barabarani nikatamani ardhi inimeze. Nilipofika nyumbani na kufungua mfuko, nikaona huyu mama amenifananisha na mtu. Nikamrudishia.

"Dada," nikasema, "nguo hii si yangu."

Akaangalia kushoto na kulia, akashusha sauti. "Shemeji, binti yako inamtosha au haimtoshi?"

"Inamtosha."

"Basi ni yake. Unataka nikupigie kelele tena?"

Nikamuuliza nitamlipaje.

"Mimi usinipe kitu. Hilo ni fungu la Mungu, na Mungu sijawahi kumwona akirudisha chenji. Tafuta mwingine umfanyie. Unajua kazi gani?"

"Nina pasi tu."

"Pasi inatosha. Lete meza."

Ndivyo nilivyofika kwenye kile kibaraza. Kila alipomaliza kazi za wateja wa wiki, alishona nguo moja kwa kitambaa chake mwenyewe, nami nikainyoosha. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kama kelele zile si uongo, maana yeye ni mtu wa sala, Jumapili hakosi. Akang'ata uzi, akautema.

"Nilipokuwa mdogo, fundi mmoja alimfokea mama yangu sokoni hivyohivyo. Nikapata gauni. Mwaka uleule kamati ya kanisa iliwagawia watoto wengine nguo, ikawapanga mbele, ikawasoma majina. Jumatatu shule nzima ikawaita Watoto wa Jukwaani, mpaka wakaacha kuja. Mimi sikuitwa chochote. Nguo ya bure niliivaa kama wao. Sasa Mungu akiniuliza habari za uongo, aniulize. Na mimi nina la kumuuliza."

Nikarudi kwenye pasi yangu.

Sasa Mwenyekiti. Nyumba ni yake, na ndiye anayeongoza kamati ya misaada kanisani. Si mtu mbaya. Mke wangu alipolazwa alikuja kumwona. Ila anapenda mambo yaonekane. Sijui nani alimpasha habari. Ilipobaki siku moja shule zifunguliwe, alikuja na mpiga picha, na vijana wawili nyuma yao wamebeba majora ya kitambaa cha sare.

"Mama, tumesikia kazi yako njema," akasema. "Kamati itakupa kitambaa mwaka mzima. Sisi tunataka kitu kidogo tu. Hao watoto uliowasaidia, waje Jumapili mbele, wapigwe picha. Waumini wakiona, watatoa zaidi."

"Watoto gani?"

"Mama, usinifiche."

"Unataka picha, nipige mimi," akasema Mama Kelele, akasimama na sindano zake kifuani. "Mimi nilipewa nguo nikiwa mtoto. Nipige mbele, nipige na pembeni. Mtoto wa mtu hutampata hapa."

"Basi kibaraza hiki kina kazi nyingine."

"Kibaraza ni chako. Mdomo wangu ni wangu."

Mwenyekiti hakuondoka. Alivuta benchi akaketi, mpiga picha akakaa ubavuni mwake na kamera magotini. "Nina nafasi leo," akasema. "Leo nitamwona huyo anayepigiwa kelele."

Mezani kwangu kulikuwa na kaptula na shati la mtoto wa mama mmoja anayefulia watu nguo. Kesho yake mtoto yule angerudishwa getini bila sare, na mama yake hupita pale kila jioni akitoka kazini.

Akatokea, mtoto kamshika mkono. Mama Kelele akainamisha kichwa kwenye cherehani. Alikuwa akikanyaga, lakini sindano haikuwa na uzi. Akifungua mdomo, kamera inainuka. Asipofungua, mtoto kesho hasomi. Wale wawili wakafika usawa wetu, wakaanza kutupita.

Nikaweka pasi chini.

"We mama!" Sauti ilitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. "Nguo za mtoto zimekaa hapa wiki nzima! Hela umetoa, kuchukua hutaki! Meza yangu ni stoo yako?"

Mwenyekiti akageuka mdomo wazi. "Bubu?"

Nikashuka barabarani na mfuko, nikampa mkononi. Yule mama akanitazama, akatazama mfuko, akaiona kamera. Kisha akanyoosha shingo.

"Na wewe, baba, punguza kelele! Mimi nina kazi zangu, sishindi kwenye vibaraza!" Akamvuta mwanawe, wakaenda zao, kichwa juu.

Mpiga picha akacheka mpaka akapaliwa. Mwenyekiti hakucheka. Si mjinga; alielewa. Ila hakuwa na la kupiga picha, labda mteja mkali na mpiga pasi anayefoka. Akasimama, akajipangusa suruali.

"Mwisho wa mwezi nataka kibaraza changu. Nyote wawili."

"Hata leo," nikasema. Nilikuwa nimeshazoea kusema.

Tukahama jioni ileile, cherehani tumeishika huku na huku, Mama Kelele akinifokea njia nzima kwamba naiburuta. Sasa tuko mbele ya chumba changu, karibu na bomba la maji. Jua linatupiga na wateja wamepungua, lakini wanaopita ni wengi kuliko zamani, na wengi wao wana watoto.

Fungu la wiki hii liko tayari, nimelinyoosha. Mwenyewe aje achukue. Akichelewa, atanisikia.