Shangazi wa Pembeni mwa Kochi

Katika tamthilia ya akina Kothari, ile iliyorushwa saa moja na nusu jioni, alikuwepo shangazi mmoja mjane aliyekaa pembeni mwa kochi bila kusema neno. Mama mkwe akifoka, kamera ilimpitia shangazi. Bi harusi akizirai, kamera ilimrudia mara tatu, na kila mara ngurumo ilisikika kana kwamba mvua iko sebuleni. Yeye alikodoa macho, akaweka kiganja kifuani, basi. Watazamaji walimjua kwa sura. Jina hawakuwahi kuambiwa, maana hata waandishi wa tamthilia hawakumpa.

Jina lake hasa lilikuwa Vimlesh Saxena, mzaliwa wa Bareilly, na aliishi peke yake katika chumba kimoja huko Malad, Mumbai. Kunyamaza hakukuwa tabia yake. Ni kwamba mwigizaji anayesema ana malipo yake na asiyesema ana yake, na wakubwa wa chaneli hawakuona sababu ya kulipia maneno ya mjane.

Alikuwa amefika Mumbai akiwa bado msichana wa kutazamwa. Mumewe, mtu wa Shahjahanpur, alikuwa mlevi mwenye mkono mwepesi, na siku Vimlesh alipokimbilia kwao na mdomo uliopasuka, kaka yake Brijmohan alisimama mlangoni asimpishe. Hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba nyumba ya mwanamke ni kwa mumewe, na kwamba akitoka huko, hapa asirudi. Mama yao alikuwa nyuma, ndani, akilia kwenye upindo wa sari. Vimlesh hakurudi kwa mume wala hakuomba mara ya pili. Alimfuata rafiki yake wa shule aliyekuwa akishona nguo kiwandani Mumbai, akajifunza cherehani, akazoea kulala watu wanne chumba kimoja, kisha wawili, kisha peke yake.

Kazi ya televisheni ilimjia kwa bahati. Bwana Gaikwad, anayekusanya waigizaji wa ziada kwa ajili ya chaneli, alikuwa akitafuta wanawake wa kujaza harusi, akamwona kwenye foleni ya maji. Alisema ana uso wa nyumba ya heshima. Vimlesh alicheka sana siku ile. Alivaa sari aliyopewa, akarusha petali za waridi kuanzia asubuhi hadi jioni, akapelekwa harusi nyingine, na nyingine, mpaka akina Kothari walipohitaji mtu wa kukaa pembeni mwa kochi.

Akakaa miaka mingi. Kwenye ile nyumba ya mbao na rangi, yenye ngazi ya marumaru isiyofika popote, alisherehekea Diwali nyingi kuliko alizozisherehekea kwao. Aliwafunga kaka wa kuigiza nyuzi za undugu mkononi, akalia kwenye misiba ya kuigiza. Kamera ikizimwa, ndugu hao walikimbilia magari yao, naye alipanda treni ya Malad, akapika wali na dengu kwa mtu mmoja. Barabarani wanawake wasiomjua walimwinamia na kumwita shangazi. Ndugu zake wa damu hawakumtafuta. Mama yake alipofariki, alipata habari kwa binamu, akapiga simu. Mke wa Brijmohan, Sarla, alimwambia kwa sauti ya chini asije, maana kaka yake hajalainika.

Kisha umaarufu wa akina Kothari ukaanza kushuka, na chaneli ikaamua hadithi iruke miaka ishirini. Watoto wa jana wawe bi harusi wa leo, na wazee wapungue. Bwana Gaikwad alimpigia simu kumwomba aje siku moja ya mwisho.

"Nitavaa nini?" Vimlesh aliuliza. "Ile ya rangi ya majivu?"

"Ile ile, Shangazi. Ila hutakaa. Utapigwa picha tu."

Walimsimamisha mbele ya kitambaa cheupe. Mpiga picha alimtaka atabasamu kidogo, sio sana, kama mtu aliyekufa vizuri. Wenzake wa mavazi walimtania kwamba sasa amepata kazi ya kudumu, picha itaning'inia ukutani huku yeye amelala kwake. Alicheka nao. Alipoingia kwenye treni alikuta nafasi dirishani, akakaa, na akapitiliza kituo chake asijue.

Siku hadithi iliporuka, aliitazama chumbani mwake. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya. Kwenye ukuta wa sebule, kando ya picha ya babu, ilikuwapo yake, imevikwa shada la marehemu. Kamera iliipita kama inavyopita saa ya ukutani. Hakuna aliyemtaja. Kwenye kochi, mahali pake, palikuwa na mto wa hariri.

Asubuhi iliyofuata simu ililia, namba asiyoijua. Alipoitikia, alisikia pumzi tu upande wa pili.

"Nani?" aliuliza.

"Wewe ndiye nani?" Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Vimlesh."

Mwanamke akaanza kulia. Alikuwa Sarla. Ilimchukua muda kusema lililomfanya apige. Jana jioni walikuwa mbele ya televisheni, wakaiona ile picha na shada lake. Brijmohan aliinuka, akaenda kukaa sakafuni chumbani, na tangu hapo hajatia kitu kinywani. Sarla alimwambia ni maigizo. Alijibu kwamba mtu hai havikwi shada, kwamba chaneli zinafanya hivyo mwigizaji akifa kweli, na kwamba dada yake amekufa peke yake katika mji wa watu.

"Kwani huwa anatazama?" Vimlesh aliuliza.

"Wifi, saa moja na nusu katika nyumba hii hakuna anayegusa rimoti. Hasemi kitu. Anakaa mpaka akuone, akishakuona anainuka kwenda zake, hata hadithi iwe imepamba moto vipi. Watoto wamekua hivyo."

Vimlesh aliketi kitandani. Aliomba apewe kaka yake simu. Alisikia hatua, mlango, Sarla akibembeleza kwa kunong'ona, kisha Sarla akarudi peke yake. Amekataa, alisema. Anasema sauti ya simu inaweza kuwa ya mtu yeyote.

"Basi njoo," Sarla alisema. "Akikuona kwa macho atakula."

Alifunga nguo chache na kupanda treni ya kaskazini. Njiani, mwanamke wa kiti cha pili alimtambua, akashangaa kumwona hai, akamgawia mkate wa ngano na achari ya embe, akamsimulia akina Kothari mwanzo hadi mwisho kana kwamba Vimlesh hakuwepo. Vimlesh alisikiliza. Alipapasa mdomo wake, pale ulipowahi kupasuka.

Alipofika Bareilly, Brijmohan alikuwa amesimama mlangoni, pale pale. Amezeeka, mabega yamelegea, miwani imefungwa kwa uzi. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Umekonda," alisema. "Kwenye televisheni unaonekana mnene."

"Ni kamera, Kaka."

Akasogea kando, na Vimlesh akaingia. Hayo tu. Mchana ule Brijmohan alikula mikate ya puri na viazi, Sarla akajificha jikoni kufuta macho.

Majirani walikuja kumwona. Walimuuliza kama mama mkwe wa akina Kothari ni mkali kweli, kama dhahabu zile ni halisi. Hakuna aliyemuuliza yeye anaishije. Jioni, saa ilipofika, televisheni ikawashwa kwa mazoea, na picha yenye shada ikatokea ukutani. Brijmohan akanyoosha mkono, akazima. Sebule ikawa na ukimya ambao watoto wake hawakuwahi kuusikia saa ile.

"Kwa nini hawakukupa maneno?" aliuliza bila kumwangalia.

"Asiyesema analipwa kidogo."

"Nilikuwa nangoja useme kitu. Hata jambo la kipuuzi."

Vimlesh naye alingoja. Alifikiri sasa kaka yake ataisema ile siku ya mlangoni, alikwisha kuyaandaa hata majibu, ya upole na ya ukali. Brijmohan alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema mume wake wa Shahjahanpur alishafariki. Vimlesh akasema anajua. Kisha Sarla akaleta chai.

Alikaa kwao wiki nzima. Alilala katika chumba cha mama yake, kati ya magunia ya ngano na masanduku ya binti wa Brijmohan aliyekuwa akijiandaa kuolewa. Akitaka kukata mboga, Sarla alimpokonya kisu, wifi ni mgeni. Akitaka kufagia, binti alimwahi ufagio. Walimpenda, aliona, ila hawakujua wamweke wapi. Jioni moja wote walikuwa sebuleni wakibishana juu ya rangi ya sari za harusi, kila mtu na sauti yake, naye akajikuta ameketi pembeni mwa kochi, kiganja kifuani, akigeuza macho kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Hakuna aliyemuuliza rangi. Kesho yake alisema kazi inamngoja Mumbai, ingawa haikuwepo.

Sarla alimsihi abaki hadi harusi. Brijmohan hakusema abaki wala aende. Ila stesheni alimpeleka yeye mwenyewe, akabeba mfuko wake, akasimama dirishani na kumuuliza mara mbili kama ana maji. Treni ilipojongea alitembea nayo kidogo, kisha akasimama.

Baada ya majuma kadhaa Bwana Gaikwad alimpatia kazi: awe mmoja wa waumini wa hekaluni katika tamthilia ya chaneli nyingine, saa mbili usiku. Vimlesh alimpigia Sarla kumweleza, akataja jina la chaneli polepole ili liandikwe vizuri. Ilipopita tamthilia ile, alisubiri simu siku mbili, kisha akapiga mwenyewe.

"Ametazama hadi mwisho," Sarla alisema. "Anasema hakukuona."

"Nilikuwepo. Nyuma ya mwanamke wa sari ya kijani, mwenye sinia."

Alimsikia Sarla akigeuka na kuyarudia maneno hayo kwa mtu aliye chumbani, na sauti ya kaka yake, kavu, ya mbali, ikiuliza kama ni upande wa kulia au wa kushoto.

"Kushoto," Vimlesh alisema, kabla Sarla hajamuuliza.