Mbio za Ramani na Kibla ya Kimara

Karatasi iliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya kunakili, ikiwa bado na joto, ina harufu yake. Juzi nilikuwa kwa kijana anayenitolea nakala za dua za darasa letu la akina mama. Nikaisikia harufu hiyo, nikasimama kimya hadi yule kijana akaniuliza, "Bibi, uko salama?" Alhamdulillahi, nilikuwa salama. Nilikuwa msichana wa darasa la sita, Kimara, nimeshika ramani.

Kimara ninayoisema si hii ya maghorofa na foleni. Ilikuwa mikorosho, mabonde na njia za miguu. Mwalimu Haule, mtu wa Songea aliyepitia skauti, ndiye aliyetuletea mchezo wenyewe. Kila Jumamosi mnakwenda wawili wawili na ramani na dira, mnatafuta vitambaa vyekundu alivyovifunga porini, na wanaovipata vyote wakawahi kurudi ndio washindi. Ramani aliichora kwa mkono wake, akaichapa kwa mashine ya shule. Tulizipokea zikiwa bado na unyevu wa wino, tukazinusa kabla ya kuzisoma.

Baba yangu, aliyefundisha Kurani barazani kwetu, hakuupenda mchezo huo. Binti akimbie porini! Mwishowe alisema, "Nenda mara hii moja. Adhana ya alasiri ikukute nyumbani. Ikikukuta nje, mchezo wako umekwisha." Naye hakuwa mtu wa kutengua neno lake.

Mwenzangu alikuwa Anastazia, binti wa karani kutoka Bukoba, mwenye miguu mirefu na mdomo usiochoka. Tulipokabidhiwa dira, niliitazama sindano ikitikisika hadi ikatulia. Ilielekea kulekule baba alikoelekea akiswali.

"Inaonyesha Makka," nikasema.

Anastazia akanitolea macho. "Wee! Na mie Mkristo itanionyesha wapi?"

"Hukohuko. Hakuna kwingine."

"Mwalimu! Zuhura anasema dira imesilimu!"

Mwalimu alicheka akashika kiuno. Kisha akatueleza taratibu kwamba sindano inatafuta kaskazini, na kwamba kwetu Dar es Salaam Makka iko karibu kabisa na kaskazini. Nilimwitikia kwa adabu, lakini sikumwamini. Nilikuja kumwamini nikiwa mtu mzima, nilipohamia Kigoma nikakuta msikiti umeelekea kwake na sindano kwake.

Tulianza vizuri. Kitambaa cha kwanza tulikikuta kwenye mnazi uliopinda, cha pili kando ya kisima. Tukishuka bondeni, Anastazia akateleza, dira ikagonga jiwe, kioo kikapasuka na sindano ikarukia majanini. Tuliitafuta tukaikosa. Mawingu yalikuwa mazito, jua halikujulikana liko wapi, na kila mkorosho ulifanana na mwenziwe. Tulizunguka hadi tukakuta nyayo zetu wenyewe. Anastazia akanyamaza, na hilo ndilo lililonitisha. Mimi niliwaza adhana tu.

Ndipo tukatokea penye kaburi moja la upweke. Jiwe la kichwani lilichongwa mwezi na nyota, jina limefutwa na mvua. Nilijua wafu wetu wanavyolazwa, ubavu wa kulia, uso kibla. Lakini kibla ikawa upande upi wa kaburi? Sikuweza kulipanga akilini. Basi nikalala chini kando yake, kichwa sawa na jiwe, kwa ubavu wa kulia.

"Zuhura, inuka! Mama yangu, inuka, atakuchukua!"

"Nyamaza. Lete ramani."

"Siji huko mie!"

"Basi itupe."

Akaitupa. Niliigeuza mpaka kaskazini yake ikawa mbele ya uso wangu, na bonde, njia na shule vikakaa mahali pake. Vitambaa vilivyobaki tukaviacha, tukakimbia. Mwalimu alipoiona dira alisema tu, "Mmerudi. Inatosha."

Adhana ilinikuta njiani, nikiliona paa la kwetu. Baba alikuwa barazani, birika la udhu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nilimweleza yote, hata kulala chini. Aliinama akamaliza kutawadha.

"Ulimsalimia?"

"Nani, baba?"

"Mwenye kaburi. Umelala kwake, umepata njia kwake, halafu ukaondoka bila salamu?"

Nilitikisa kichwa, machozi yakinitoka.

"Basi Jumamosi ijayo ukipita huko na wenzako, umsalimie." Akaingia ndani kuswali.

Nililia sana, nikiamini nimechelewa na sasa nimeonekana sina adabu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mbioni kama anayetumikia adhabu, nikatoa salamu, nikarudi kwa wakati. Nikaenda tena, na tena, hadi nilipomaliza shule, bila kujiuliza ruhusa niliipata lini.

Nilikuja kuelewa nikiwa na wanangu, nilipokwisha kutamka maneno makali na kutamani yasingenitoka. Baba hakutengua neno lake siku ile. Alinituma tu nikatoe salamu, akijua vyema kwamba njia ya kwenda kule ilikuwa ni ileile ya mbio. Mwenyezi Mungu amrehemu.