Siku Mdogo Wangu Aliponiita Senhor

Miaka ile watu wa gesi walipojaa Palma, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, mdogo wangu wa kike anayenifuata alipata kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya magari. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano ili yeye na wadogo wengine waendelee, nikawa natengeneza simu sokoni Mocímboa. Siku moja akanipigia. Chefe wake, yaani mkuu wake wa kazi, anataka simu za madereva zitolewe michezo, ile inayokuja na simu yenyewe, ambayo kwa kidole haitoki.

"Si unaitoa kwa kompyuta wewe?"

"Naitoa."

"Basi njoo, kaka. Vaa shati la mikono mirefu."

Kazi hiyo nilifundishwa na fundi wa Mtwara. Unaunganisha simu kwa waya, simu inauliza kama unaikubali kompyuta, unakubali. Halafu kwenye kioo cheusi cha kompyuta unaandika amri, na majina ya programu zote zilizomo yanashuka mstari kwa mstari. Unachagua jina, unaandika amri ya kuondoa, unasubiri kompyuta ikwambie tayari. Maana ya kila neno sikuijua. Nilizishika amri kama mtu anavyoishika njia ya kwao.

Nilipofika, mdogo wangu alisimama nyuma ya meza akanipa mkono. "Bom dia, senhor." Habari ya asubuhi, bwana, kama kwa mgeni.

Nami kwa mazoea ya nyumbani, ambako hajawahi kunipita asubuhi bila shikamoo, nikajibu: "Marahaba."

Dereva mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake akaangua kicheko. "Marahaba! Fundi, kwani umemzaa?"

Chefe, mtu wa Maputo, hakuelewa. Mdogo wangu aliinamia karatasi zake. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakumwambia mtu mimi ni nani, na uso ukaniwaka.

Nikaunganisha simu ya kwanza. Chefe akaja kusimama begani kwangu, akauliza kwa Kireno nimesomea wapi. Nilimwelewa, lakini mdogo wangu akawahi kujibu. Nikasikia instituto, yaani chuo, nikasikia Pemba, ule mji mkuu wa mkoa wetu. Sikuinua kichwa. Niliandika amri nikakosea herufi, nikafuta, nikakosea tena.

"Lakini mmefanana pua," dereva akasema. "Nyie si ndugu?"

Mdogo wangu alikuwa akipanga karatasi, mikono ikasimama. Nilimngoja kidogo aseme. Kisha nikasema mimi: "Watu wa Mocímboa wote pua zetu ndizo hizi."

"Na marahaba zenu nazo ni za wilaya nzima!"

Akacheka, chefe akacheka kwa kumfuata. Mdogo wangu naye akacheka.

Nilizimaliza simu zote. Shati lilikuwa limenigandama mgongoni, na nilitamani kutoka bila mtu kunitazama. Mdogo wangu alinisindikiza hadi mlangoni tu. "Obrigada, senhor," akanishukuru, maana chefe alikuwa bado pale.

Nyumbani wadogo walikuwa wananingoja. Dada ana kiti kinachozunguka? Anacho. Mle ndani kuna baridi? Ipo. Yule wa mwisho akaniuliza kama Ijumaa nitawapeleka wakamwone dada yao kazini, kama nilivyoahidi.

"Pale getini hawaruhusu ndugu," nikasema.

Alienda kwenye kamba, akalianua gauni lake la Idi alilokuwa amelifua kwa safari hiyo, bado bichi, akaanza kulikunja.