Shimo la Kisumu na Shimo la Kakamega

Harufu ya nyasi zilizokatwa alfajiri haikuwa harufu ya Kibera, lakini ilikuwa ikija kwetu kila siku bila kualikwa. Mashine zilianza kunguruma ng'ambo ya ukuta wa uwanja wa gofu kabla jua halijachomoza, na upepo ukiwa upande wetu, harufu ile ilivuka ukuta ikaingia mtaani kwetu Mashimoni, ikapita juu ya mitaro na moshi wa makaa na omena, dagaa wa jirani waliokuwa kwenye mafuta, ikafika mlangoni petu ikiwa bado mbichi. Watoto wengine waliamshwa na kelele za mitungi kwenye kibanda cha maji. Mimi niliamshwa na nyasi. Kwangu hiyo ilikuwa harufu ya Baba, maana Baba alikuwa kedi, mmoja wa wanaume wanaobeba mifuko ya wachezaji gofu na kuwaambia mpira unaelekea wapi, na kila jioni alirudi nyumbani na harufu ile kwenye viatu vyake.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, Baba alituambia kwamba bahati imebisha hodi. Kuna wakili mmoja, mzee mwenye tumbo kubwa na subira ndogo, aliyekuwa hataki kubebewa mfuko na mtu mwingine yeyote, na sasa alitaka kwenda na Baba kwenye mashindano nje ya Nairobi. Basi ikawa Ijumaa moja yuko, Ijumaa nyingine hayuko. Mama alimpigia pasi shati lake jeupe kwa pasi ya makaa, akiipitisha kwenye kola polepole, na Baba aliondoka na begi dogo begani. Jumapili jioni alirudi na kikopo cha rangi ya viatu, na ndani yake kishada cha nyasi chenye mizizi na udongo kidogo. Hizi ni za Kericho, alisema. Hizi za Eldoret. Vikopo hivyo havikuwa vya Mama wala vya ndugu zangu wadogo. Vilikuwa vyangu.

Halafu alinisimulia. Nimesikia wasimulizi wengi tangu hapo, na sijapata wa kumlinganisha naye. Kericho, alisema, mpira ukipotoka unaingia kwenye chai, na wachuma chai wanakutazama ukihangaika kuutafuta bila kukuambia neno. Mombasa upepo unaupokea mpira wako na kukurudishia, kama mama mkwe aliyekataa zawadi. Eldoret hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali kuliko nguvu zako, ukajidanganya kwamba wewe ni stadi. Nanyuki aliiweka mwisho kila mara. Kule ni baridi tu, alisema, na ule mstari wa ikweta wanaouringia hauonekani hata ukivaa miwani. Lakini Kisumu! Shimo la saba la Kisumu linatazama ziwa, na usiku viboko hutoka majini kuja kula zile nyasi laini, na mpira wako ukiangukia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuuondoa bila adhabu. Uzuri wa shimo, Baba alisema, hauko kwenye urefu wake. Shimo zuri ni lile linalokunyima usingizi hata siku uliyolicheza vizuri. Kisha aliinama na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba orodha hiyo ya mashimo, la kwanza hadi la mwisho, hajampa mtu mwingine, ni mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye ninayeuelewa mchezo.

Niliamini kama ninavyoamini kwamba jua huchomoza mashariki. Kando ya reli palikuwa na kiwanja cha vumbi kisichokuwa na mwenyewe, na hapo nikajenga nchi. Nilizamisha mikebe ya maziwa ya unga ardhini, nikapanda nyasi za Baba kuzunguka kila mkebe, nikazimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Fimbo yetu ilikuwa kipande cha bomba kilichopindwa, na mipira ilikuwa ile iliyoruka ukuta ikakosa wenyewe. Watoto wa Mashimoni na wa mtaa jirani wa Raila walikuja kupiga foleni. Jirani yetu alinitania kwamba mtu wa Mashimoni akikosa kazi huchimba shimo. Sikujali. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema hapa ni Kericho, cheza kwa adabu, na hapa ni Kisumu, vua viatu. Niliapa kwamba nyasi za Kericho zina harufu ya chai. Wenzangu walinusa, nao wakaapa vilevile.

Likizo ya Agosti, Anti Rosa, mdogo wake Mama aliyeuza mitumba Soko la Toi, alinichukua twende Kawangware. Alikuwa na sketi za kupeleka kwa fundi, nami nilikuwa wa kubeba nusu ya mzigo. Fundi alikuwa na wateja, kwa hiyo nikatoka nje kuzubaa, mzigo bado begani. Nyuma ya kanisa la mabati palikuwa na uwanja mdogo, na kwenye uwanja huo watoto walikuwa wakicheza gofu. Mikebe ardhini. Bomba lililopindwa. Kila mkebe na kishada chake cha nyasi. Jambo la kwanza nililohisi lilikuwa hasira ya mtu aliyeibiwa, nikawaza kwamba kuna mtoto wa Mashimoni aliyetusaliti. Zamu ilikuwa ya mvulana wa umri wangu. Kabla ya kupiga alipiga goti, akalaza kiganja chini kusikiliza mteremko, akafumba jicho moja.  Mtu mmoja tu duniani ndiye niliyewahi kumwona akifanya hivyo.

"Hii game mlitoa wapi?" nikamuuliza.

"Ni ya buda yangu," akasema bila kuniangalia. "Ni kedi. Amezunguka Kenya yote na wakili fulani. Wikendi moja yuko safari, wikendi nyingine yuko na sisi."

Nilimuuliza ni shimo gani kali kuliko yote. Sauti yangu niliisikia ikitoka mbali.

"Kakamega," akasema. "Hapo hakuna kubishana. Nyani ikitoka msituni ikichukua ball yako, imeenda hivyo. Buda alisema hole poa ni ile inakunyima usingizi hata ukiicheza fiti." Akaonyesha mkebe wa mwisho kwa mguu. "Hiyo ya Nanyuki ni bure. Baridi tu."

Mama yake alimwita kutoka mlango wa jirani, Shikuku, kuja uoge, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Waluhya, watu wa Kakamega, na nikaelewa Kakamega ilitoka wapi. Sisi tulikuwa watu wa ziwani, tukapewa ziwa. Wao walikuwa watu wa msituni, wakapewa msitu. Kwamba Baba alikuwa na nyumba nyingine lingeniuma tu, nadhani, kama linavyowauma watoto wengi. Kilichonivunja ni ile orodha ya mashimo. Aliniambia ni mimi peke yangu. Nilisimama pale na mzigo wa sketi za watu, nikijisikia mjinga mbele ya mvulana asiyejua hata jina langu, na ambaye masikio yake yalikuwa masikio yangu.

Njiani kurudi Anti Rosa aliniangalia usoni mara moja, akanishika mkono mpaka nyumbani. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua omena. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, nikingoja ainuke, apige kelele, atupe ungo. Aliendelea kutoa mawe madogo kwenye omena.

"Ulitaka nikuambie nini, Akinyi?" akasema. "Ulikuwa unampenda hivyo. Na mtu hawezi kufunga mlango kwa mtu ambaye anakuja na chakula."

Alijua. Anti alijua. Hata jirani aliyenitania mashimo alijua, maana lisemwalo lipo, nalo lilikuwa likisemwa mtaa mzima isipokuwa masikioni mwangu. Shati lile jeupe Mama alilipiga pasi huku akijua linakwenda Kawangware. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hakuna aliyewahi kuniambia la kufanya pale nguo yenyewe inapokuwa baba yako.

Jumapili Baba alirudi na kikopo chake. "Kericho tena," akasema, akaketi, akanyoosha miguu apate kusimulia. Nilikipokea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa. Kisha nikamuuliza, "Baba, na la Kakamega likoje?"

Alikuwa akifungua kamba za viatu. Vidole vilisimama kidogo, halafu vikaendelea. "Kakamega?" akasema. "Huko sijawahi kufika."

Huo ndio uongo ambao sijaweza kuusamehe, na labda ulikuwa ukweli mtupu. Kwa neno moja alimfuta mvulana aliyepiga goti na kulaza kiganja chini kama yeye. Nikajua kwamba huko Kawangware, mtu akiuliza habari za Kisumu, nami nafutwa vivyo hivyo.  Niliacha kumwagilia kiwanja, na jua la Septemba likakausha nchi yangu yote kwa pamoja. Zilipokauka ndipo nilipoona kwamba nyasi za Kericho, za Eldoret na za Mombasa zilikuwa za aina moja, zile zile za ng'ambo ya ukuta.

Leo kile kiwanja kando ya reli kimejaa nyumba, na mtoto wa pale akitaka gofu huitazama kwenye simu. Mimi bado naishi upande huu, kwenye ghorofa lenye dirisha, na harufu ile bado inaingia alfajiri bila kualikwa. Kisumu nimepita mara nyingi nikienda kwa Mama, ambaye alirudi nyumbani zamani, lakini sijawahi kwenda kuliangalia lile shimo. Nikilikuta nitamhurumia Baba, nisipolikuta nitamchukia upya. Shikuku tulikutana tena tukiwa watu wazima, kando ya kitanda cha Baba hospitalini, kila mmoja na chupa yake ya uji, na kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji, tukagawana mzee. Anakaa kwa Shikuku Kawangware, na Jumapili wanakuja kwangu kunywa chai.

Jumapili iliyopita mwanangu alikuwa akitazama gofu kwenye simu, akainua kichwa. "Babu, kwa zile zote ulienda, hole gani ndiyo kali?"

Nilikuwa nimeshika birika. Shikuku alikuwa na kikombe mdomoni. Hatukutazamana, lakini najua sote wawili tulikuwa tukingoja, watu wazima wenye kodi za nyumba na watoto, tukingoja kama siku ile. Baba aliniangalia mimi, akamwangalia Shikuku, kisha akatazama dirishani.

"Nanyuki," akasema, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo sijapata kuiona.

Shikuku aliweka kikombe chini taratibu. "Nanyuki kuna nani, mzee?"

 Baba alisogeza kikombe chake kwangu, akaomba sukari kidogo, na mimi nikamtilia.