Nimeanika zulia, nimepewa pole

Leo nimepewa pole na hajafa mtu.

Chekeni tu nyinyi mlioko Maskati. Huku kwetu Ibra, bara ya Omani, ukitandika zulia kubwa uani na lango ukaliacha wazi, watu wanajua pana msiba. Mimi nikasahau.

Nilikuwa nimelifua tu! Lile la Kiajemi la marehemu mama, lililofumwa kwa mkono huko kijijini Iran. Ua moja kubwa, jengine dogo, kama mfumaji aliitwa jikoni kabla hajamaliza.

Mara namuona jirani yangu Bi Salma, Mzanzibari mwenzetu, kavaa baibui ndani nje kwa haraka. Nyuma yake mabinti zake, na tende na chupa ya kahawa.

Hata shikamoo yangu hakuijibu.

"Pole mwanangu, nani katutoka?"

"Hajatutoka mtu, Bi Salma. Naanika zulia."

Akalitazama zulia, akanitazama mimi.

Halafu tukacheka mpaka machozi! Wakakaa papo hapo, zulia halijakauka hata, tukanywa kahawa, wakayasifu yale maua. Miaka yote hii tunaishi ukuta kwa ukuta, leo ndiyo mara yao ya kwanza kukaa kwangu.

Kahawa ilipokwisha, Bi Salma akainuka.

"Alhamdulillahi, maadamu nyote wazima, sisi twende zetu."

Nyote. Na humu ndani niko peke yangu.

Wallahi, kidogo nimwambie kuna aliyekufa.

Msibani watu hukaa siku tatu.