Mama Pindo Auliza Mishahara

Pale hospitalini, jina lake la kuzaliwa walilijua watu wawili tu: yeye mwenyewe na karani wa mishahara. Wengine wote, kuanzia mganga mkuu hadi wafagiaji wa uani, walimwita Mama Pindo. Jina lilimganda tangu enzi za wauguzi wapya waliokuwa wakimjia mbio na sare zinazoburuta chini, wakisema, "Mama, nipigie pindo tu, mara moja." Naye hakuwa na hiyana. Unavua, unajitanda shuka, unasimama nyuma ya mlango, na kabla hujamaliza kusimulia habari za wodini sare yako iko tayari.

Chumba cha ushonaji kilikuwa mwisho wa korido, kimepakana na chumba cha kufulia, kwa hiyo hewa ilinuka sabuni mwaka mzima. Ndani mlikuwa na cherehani tatu, moja imekufa zamani lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizika. Mama Pindo aliingia humo akiwa msichana hajaolewa. Sasa mapacha wake wamemaliza shule na mmoja ameanza kufuga ndevu. Kazi yake ilikuwa mashuka, mapazia, magauni ya wagonjwa na hizo pindo zake.

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kuuliza. Aliwahi kumsimamisha daktari wa upasuaji koridoni akamuuliza kama uzi wa kushonea watu unauzwa kwa mita au kwa kibunda. Daktari akajibu, maana alimwona anauliza kwa kutaka kujua, si kwa kejeli.

Basi, ikaajiriwa sura mpya. Kijana mmoja mpole, ametoka chuo cha ufundi, suruali zake zimenyooka kama rula. Watu wakamwita Chuo, naye akaitika. Mama Pindo akampokea kama mwanawe, akamwonyesha namna ya kukunja shuka mara mbili na kupitisha mshono bila kupima, namna ambayo chuoni hawaifundishi.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha, Chuo alikuja kazini anapiga mluzi.

"Mama, mshahara wa kwanza si haba," akasema. "Nimemtumia mama yangu, nimelipa pango, na bado nimebaki na cha kubaki."

"Si haba kiasi gani?" akauliza Mama Pindo, mguu ukiendelea na pedali.

Chuo, kwa kuwa alikuwa bado mgeni wa mambo ya maofisini, akamtajia.

Mguu ukasimama. Kiasi kile kilimzidi Mama Pindo kwa fedha za kutosha kulipa pango la nyumba yake nzima, na huyu kijana ndiyo kwanza mapovu ya sabuni ya chuo hayajamkauka masikioni. Hasira ingemjia, ingekuwa na haki yake. Lakini kilichomjia kwanza ni swali. Imekuwaje? Cherehani ni zilezile, mashuka ni yaleyale, na bosi ni mmoja.

Jioni akamweleza mumewe. Mumewe alikuwa fundi rangi, mtu wa vibarua, leo ana jengo, kesho ana ngazi tu na ndoo.

"Nenda kesho ukawawakie moto," mume akasema.

"Nikishawaka nitajua nini? Kwanza nijue."

"Mimi usiniulize mambo ya mshahara, mke wangu. Mshahara wangu mimi ni mvua isinyeshe."

Akaanza kuuliza. Upesi akagundua kwamba mtu atakufunulia kovu lake la upasuaji kabla hajakufunulia mshahara wake. Ukiuliza "Unalipwa kiasi gani?", uso unafungwa kama duka siku ya msiba. Kwa hiyo akageuza swali. Akawa anauliza, "Wewe ulipandaje?" Hapo watu walifunguka. Kumbe kila mtu ana hadithi ya jinsi alivyopanda, au jinsi alivyozuiwa kupanda, na amekaa nayo kifuani akingoja wa kumuuliza.

Dereva wa gari la wagonjwa alileta koti lishonwe mfuko. "Mshahara wenyewe ni wa kulia," akasema. "Posho za safari ndizo zinazonivisha. Siku gari likienda gereji, hata mke wangu anaugua."

Muuguzi wa wodi ya wazazi alisema amerudi shule mara mbili, akinyonyesha, na kila cheti kilikuwa ngazi. Mlinzi wa getini yeye alikuwa ameletwa na kampuni ya nje. "Sisi, mama, hatuna ngazi, tuna geti. Unaingia mlinzi, unazeeka mlinzi." Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, na Mama Pindo akabaki na sauti yake masikioni siku nzima.

Aliyemshangaza kuliko wote ni mhudumu wa mochari, mtu wa maneno machache aliyekuja kuchukua mashuka meupe. Kumbe huyo alikuwa anawazidi malipo makarani wa ghorofani.

"Wateja wangu hawalalamiki," akasema, "lakini kazi yenyewe haina foleni ya waombaji. Nilitaka kuacha mara tatu. Kila nikiandika barua, wananiongezea posho."

"Kwa hiyo hulipwi kwa ugumu wa kazi. Unalipwa kwa sababu wanaogopa utaondoka?"

Mhudumu akafikiri, mashuka kifuani. "Sijawahi kuliweka hivyo. Lakini ndivyo."

Mama Pindo hakuwahi kutishia kuondoka popote. Lakini hilo halikumtosha, maana Chuo naye hakuwa amemtishia mtu.

Jumapili moja mdogo wake wa kike akaja kumtembelea. Huyu alikuwa mfanyakazi wa benki, na ndiye fahari ya ukoo. Pakiwa na harusi, michango inaanzia kwake. Pakiwa na msiba, wote wanageuza shingo wamtazame yeye. Alikuja na viatu vinavyolia ko, ko, ko tangu mlangoni. Walipokuwa wanaosha vyombo, Mama Pindo akauliza swali lake.

"Mdogo wangu, wewe ulipandaje?"

Mdogo mtu akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata. "Dada, usiniulize."

"Nauliza kujua tu. Si mchango."

Ndipo yule akacheka, akaweka sufuria chini. "Nimepandishwa cheo mara mbili. Mshahara umepanda mara moja. Mwanzo nilikuwa karani, sasa mlangoni kwangu pameandikwa afisa wa huduma kwa wateja. Kazi ni ileile, wateja ni walewale, na wanatukana zaidi kwa sababu sasa mimi ni afisa. Nikitoa mkopo wa gari na makato mengine, ninachobeba nyumbani hakifiki hata chako."

"Hakifiki changu?"

"Dada, mimi nakuzidi viatu tu."

Mama Pindo akakaa juu ya ndoo. Miaka yote hiyo alikuwa akimwona mdogo wake yuko juu, naye anamtazama kutoka chini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akamkumbatia kwa mikono yenye povu, wakacheka mpaka mume akachungulia kuuliza kuna nini.

Walipotulia, mdogo mtu akafuta macho akasema neno lililogeuza mambo. "Lakini hata hicho cheo cha bure kimenifundisha kitu. Watu hawalipwi kwa kazi wanayofanya, wanalipwa kwa jina la kazi. Wewe huko kwenu unaitwa nani?"

"Mama Pindo."

"Siyo hilo! Jina la kazi yako, ofisini."

Mama Pindo, muulizaji wa kila kitu, hilo hakuwahi kuliuliza. Hakujua.

Kesho yake asubuhi akaenda ofisi ya utumishi. Afisa utumishi alikuwa mwanamama wa makamo, mgeni kidogo pale, miwani imening'inia kifuani. Alimkaribisha vizuri, lakini swali likampa shida.

"Unataka kujua unaitwa nani? Mama, hata mimi nadhani unaitwa fundi cherehani. Subiri tuone." Akabonyeza kompyuta, akasogea karibu, akavaa miwani. "Hapa umeandikwa mhudumu wa kufulia."

"Kumbe mimi ni dobi!"

Mama Pindo aliangua kicheko cha mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kumbe ameushika. Afisa hakucheka, yeye alikuwa anashangaa. Akampigia simu mtangulizi wake aliyestaafu, na yule mzee akakumbuka. Zamani hapakuwa na chumba cha ushonaji. Palikuwa na dobi mmoja aliyekuwa akipiga pasi huku anaziba matundu ya mashuka. Mama Pindo aliajiriwa kushika nafasi ya huyo. Chumba kikajengwa, cherehani zikaja, jina likabaki lilelile. Chuo alipoajiriwa, tangazo liliandikwa upya na kutaja fundi. Hakuna aliyemdhulumu Mama Pindo kwa kukusudia. Hakuna aliyemfikiria, basi, na hilo ndilo lililomchoma kidogo alipokuwa akirudi koridoni.

"Ya miaka ya nyuma siwezi kukuahidi," afisa alikuwa amemwambia. "Na ili uhamie daraja la mafundi lazima ufanye mtihani wa ufundi kama wengine. Utaweza?"

"Nishindwe kushona?"

Alishindwa. Siku ya mtihani, msimamizi alimpa kitambaa akamwambia ashone shati la kiume lenye kola. Mama Pindo hakuwa ameshona kola tangu ujana. Hospitali inanunua makoti yakiwa tayari, na mgonjwa gani analazwa na kola? Mwili wa shati alioutoa ulikuwa mzuri, mikono imekaa sawa, lakini kola ilisimama upande mmoja na kulala upande wa pili, kama sikio la mbwa aliyesikia jina lake. Msimamizi aliligeuza shati, akaligeuza tena, kisha akasema kwa upole, "Mama, rudi mwakani."

Alirudi chumbani, hakumtazama mtu. Akashona mashuka mpaka adhuhuri bila kuuliza swali hata moja, na hilo peke yake lilimtisha Chuo.

"Mama, vipi?"

"Kola."

Chuo akaelewa. Akasimama, akaenda kwenye mlima wa mashuka, akachagua lililochakaa kuliko yote, akalipasua.

"Tutaanza na kola ya karatasi," akasema. "Ukiiona imekaa kwenye karatasi, kitambaa kitatii."

Mama Pindo akamtazama huyu mtoto aliyemzidi mshahara. Angeweza kukataa. Lakini tayari alishaanza kujiuliza, kwa nini karatasi? Akavuta kiti.

Walifanya hivyo kila siku saa ya chakula. Kola za kwanza zilimfaa fundi rangi peke yake. Yeye alizivaa zote, akapanda ngazi zake na shati lenye kola ya kulia imesinzia, na mafundi wenzake wakamwita Mheshimiwa. Kadiri miezi ilivyopita, kola zikaanza kunyooka, na mume akaanza kukataa kuyavaa mashati kazini. "Hili ni la kanisani," akawa anasema, analiweka kando.

Mwaka uliofuata akarudia mtihani, akafaulu. Msimamizi yuleyule alipitisha kidole kwenye kola, huku na huku, akatia saini.

Mshahara ukapanda. Haukupanda mbinguni, ila siku alipoupokea alinunua nyama bila kumuuliza muuzaji bei ya mifupa. Baada ya siku kadhaa akamgeukia Chuo.

"Sasa tuko sawa, mwanangu?"

Chuo akajikuna kichwa. "Bado, mama. Wewe umeanzia mwanzo wa daraja. Mimi nina nyongeza zangu za kila mwaka. Nipo mbele hatua kidogo."

"Nitakufikia lini?"

"Labda nife. Au nifukuzwe."

"Usife," akasema Mama Pindo, akakata uzi kwa meno. "Atanifundisha nani suti?"

Akarudi kwa afisa utumishi kuuliza kama kuna njia nyingine ya kupanda. Ipo, akaambiwa. Kwenye muundo wa hospitali kuna cheo cha msimamizi wa ushonaji, na tangu chumba kijengwe hakijawahi kujazwa. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyewahi kukiomba. Mama Pindo akaomba. Wakamhoji, wakampa. Kwa cheo hicho akampita Chuo, naye Chuo akamletea zawadi ya mkasi mpya na kusema afadhali apitwe na yeye kuliko na mtu wa kuletwa kutoka nje.

Habari haikosi miguu. Wanawake wa kufulia wakamjia, mikono imekunjamana kwa maji. "Mama Pindo, tuulizie na sisi." Akawajibu kwamba yeye hamuulizii mtu, lakini atawasindikiza. Wakaenda pamoja. Mmoja akakutwa anaendesha mashine kubwa huku ameandikwa mfagiaji, akarekebishiwa. Wengine wakaambiwa majina yao yako sahihi, wangoje nyongeza kama kila mtu. Walirudi wamenuna, ila angalau wamejua wanangoja nini.

Mganga mkuu naye siku moja alipitia chumbani, kifungo cha koti kimemtoka muda mfupi kabla ya mkutano. Mama Pindo akamkalisha, akatia uzi kwenye sindano.

"Daktari," akasema, "naomba kuuliza. Wewe ukishafika juu kabisa hivyo, nyongeza unamwomba nani?"

Mganga mkuu akatazama saa, akatazama mlango. Kisha akaegemea meza ya kukatia, akashusha pumzi. "Mama Pindo," akasema, "hilo swali hajawahi kuniuliza mtu. Funga mlango nikueleze."

Kifungo kilishonwa upesi, maelezo ndiyo hayakwisha. Mkutanoni mganga mkuu alifika amechelewa.